MPANGO WA KIJIJI HUANZIA KIJIJINI
Somo kutoka Wilaya za Mbulu na Hanang, Mkoa wa Manyara

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali wanaofanya kazi na wananchi katika ngazi za chini, na kwa wakaazi wenyewe ambao huitwa mikutanoni kutoa maoni yao juu ya maendeleo ya baadaye. Shabaha yake ni kuonyesha kwa nini mpango wa kijiji ni lazima utungwe na wanakijiji, na ni hasara gani hupatikana pale unapotungwa na wengine kwa niaba yao.

Mifano imechukuliwa Mbulu na Hanang, wilaya mbili jirani za Mkoa wa Manyara, mkoa ulioanzishwa mwaka 2002 kwa kumega Mkoa wa Arusha. Katika wilaya hizo wanaishi Wairaqw, ambao ni wakulima na wafugaji wa nyanda za juu. Wadatoga, wakiwamo Wabarabaig, ambao maisha yao hutegemea mifugo. Na Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Ardhi ni moja, lakini kila kundi huitazama kwa jicho lake. Ndiyo maana suala la kupanga limekuwa zito huko kuliko sehemu nyingi nyingine.

1. Mpango uliotoka nje

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali, kwa msaada wa Canada, ilianzisha kilimo kikubwa cha ngano katika nyanda za Basotu, Wilaya ya Hanang. Kazi hiyo ilikabidhiwa Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO. Baadaye yalikuwapo mashamba saba, yenye jumla ya ekari zipatazo 100,000, yaliyolimwa kwa matrekta na kuvunwa kwa mashine. Nia yake ilikuwa njema: Taifa lilihitaji kujitosheleza kwa ngano.

Kosa lilikuwa katika namna nyanda hizo zilivyotazamwa. Wapangaji walipofika waliona majani marefu bila nyumba wala mashamba, wakahesabu kuwa ni ardhi isiyo na kazi. Kwa Wabarabaig, nyanda hizo ziitwazo muhajega zilikuwa malisho bora kuliko yote. Mifugo ilipelekwa huko kwa msimu, kisha ikaondolewa ili majani yapumzike, ikahamia milimani, mabondeni au kandokando ya maziwa, na kurudi tena. Uwanda ulioonekana mtupu ulikuwa umepumzishwa kwa makusudi. Aidha, humo mlikuwa na makaburi ya wazee yanayoheshimiwa sana na jamii hiyo, na baadhi yake yalipitiwa na majembe ya matrekta.

Malisho hayo yalipoondolewa, mifugo ilisongamana katika maeneo yaliyobaki, nayo yakachakaa. Wananchi wa Kijiji cha Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 1984, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu hiyo. Miongoni mwa hoja zake ni kwamba Halmashauri ya Kijiji haikuthibitisha kuwa iligawiwa ardhi hiyo kwa utaratibu wa sheria. Kijiji kilikuwapo na watu walikuwapo, ila hapakuwa na maandishi yaliyosema ardhi ile ilikuwa na kazi gani na ya nani.

Hilo ndilo funzo la kwanza: ardhi ambayo matumizi yake hayakuandikwa huonekana tupu machoni pa mgeni, na ardhi ionekanayo tupu haikosi mtu wa kuipangia kazi.

2. Sheria ilivyobadilika

Malalamiko ya ardhi ya namna hiyo, kutoka mikoa mingi, yalisikilizwa na Tume ya Rais iliyofanya kazi mwaka 1991 na 1992 chini ya uenyekiti wa Profesa Issa Shivji. Ilifuata Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, na kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji wote. Haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani mkutano wa wakaazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Ardhi ya kijiji imegawanywa katika mafungu matatu: ile ya matumizi ya pamoja, kama malisho, misitu na vyanzo vya maji, ile inayotumiwa na mtu, familia au kikundi, na ile ya akiba, itakayoweza kugawiwa siku zijazo. Fungu hili la tatu husahauliwa mara nyingi, ingawa ndilo lililowekwa kwa ajili ya vijana na watoto.

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007 iliongeza nguvu hiyo kwa kuitambua Halmashauri ya Kijiji kuwa mamlaka ya kupanga. Kwa upande wa mipango ya huduma na uchumi, tangu miaka ya mwanzo ya 2000 vijiji vimekuwa vikitumia utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Katika utaratibu huo wananchi huanza kwa kutaja walichonacho kabla ya kutaja wanachokosa, kisha hukubaliana kipi kitangulie na wao watachangia nini.

3. Hatua za kupanga

Mwongozo wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi unaeleza kazi hii kwa hatua sita, ambazo kwa lugha nyepesi ni hizi:

(a) Maandalizi. Wilaya huunda timu ya wataalamu wa ardhi, kilimo, mifugo, misitu, maji na maendeleo ya jamii, na kijiji huarifiwa mapema.

(b) Kuchunguza hali ya kijiji pamoja na wananchi. Ramani ya kwanza huweza kuchorwa chini, kwa majivu, mawe na mbegu, ili hata asiyejua kusoma aonyeshe anapochota maji na anapolisha ndama.

(c) Kupima mipaka na kuchora ramani ya matumizi yaliyopo. Vijiji jirani hushirikishwa, kwani mpaka usiokubaliwa na jirani huzaa ugomvi.

(d) Kupanga matumizi ya baadaye, kutunga sheria ndogo na kuufikisha mpango mbele ya Mkutano Mkuu. Ukipitishwa hupelekwa Halmashauri ya Wilaya kwa idhini.

(e) Kuimarisha utawala wa ardhi, pamoja na kutoa Hati za Hakimiliki ya Kimila.

(f) Kusimamia mpango na kuupitia upya hali inapobadilika.

Ugumu hauko katika kuzijua hatua hizi, bali katika kuzitekeleza kwa uaminifu. Ichukuliwe kwa mfano kwamba mkutano umeitishwa mwezi ambao wafugaji wako mbali na mifugo, na saa ambayo wanawake wako kisimani. Mahudhurio yataandikwa na mpango utapitishwa, lakini njia ya ng'ombe haitaonekana katika ramani, wala kisima cha kiangazi. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mtumishi mwenye busara huuliza kwanza kalenda ya wananchi ndipo apange tarehe.

4. Yaeda Chini: mpango uliotoka ndani

Bonde la Yaeda liko magharibi ya Wilaya ya Mbulu. Kwa miaka mingi Wahadzabe walipungukiwa na ardhi kadiri wakulima na wafugaji walivyohamia humo. Hawakuwa na mashamba ya kuonyesha wala mazizi, na katika desturi ya kugawa ardhi kwa kutazama nani ameifyeka, mwindaji hana alama ya kuacha. Hali yao ilikuwa sawa na ile ya muhajega: ardhi iliyotumika kila siku ilihesabiwa kuwa pori. Mwaka 2007 bonde hilo lilikaribia kutolewa kwa kampuni ya kigeni ya uwindaji wa kitalii, na kampuni hiyo ilijitoa baada ya wananchi na watetezi wao kupinga.

Njia iliyofuatwa baadaye ilikuwa ya sheria na mashauriano. Kwa kusaidiwa na asasi iitwayo Ujamaa Community Resource Team, vijiji vya bondeni viliweka mipango ya matumizi ya ardhi iliyotenga maeneo ya makazi na kilimo, ya malisho, na ya kuwinda na kurina asali. Mwaka 2011 Wahadzabe walipewa Hati ya Hakimiliki ya Kimila kwa jina la jamii yao, si la mtu mmoja mmoja, juu ya eneo la zaidi ya hekta 20,000. Kabla ya hapo hati hizo zilikuwa zikitolewa kwa mtu binafsi au familia.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba mpango huo haukuwafukuza Wadatoga. Wafugaji hao walishiriki katika mazungumzo, na malisho yao yaliandikwa pia. Pasingekuwa na makubaliano hayo, hati ingebaki karatasi isiyoheshimiwa na jirani.

Faida nyingine ilifuata. Kwa kuwa mipaka ilijulikana na misitu ilikuwa na mwenyewe, wanakijiji waliweza kuingia mkataba wa kuhifadhi miti na kulipwa kutokana na hewa ya ukaa isiyopotea angani. Fedha hizo zimelipa walinzi wa msitu wa kijijini na kusaidia elimu na matibabu. Mnunuzi wa huduma kama hiyo hawezi kufunga mkataba na kijiji kisichojua mipaka yake. Kwa hiyo mpango wa ardhi ulitangulia, mapato yakaja baadaye.

5. Mlima Hanang: mpango na maafa

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Wataalamu walieleza kuwa haikuwa volkano: miamba iliyodhoofika ilinyonya maji ikashindwa kujishikilia. Tope, mawe na magogo vilifuata njia za maji hadi mji wa Katesh na vijiji vilivyo chini ya mlima. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na familia nyingi zilipoteza nyumba na mali. Serikali ilijenga nyumba za baadhi ya waathirika katika eneo la Waret.

Hakuna mpango wa kijiji unaoweza kuzuia mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400 usimeguke. Lakini mpango unaweza kusema wapi pasijengwe. Wazee wa kila kijiji hujua makorongo ambayo maji hupita katika mvua isiyo ya kawaida, hata kama yamekaa makavu kwa miaka 30. Ujuzi huo ukibaki midomoni, kiwanja kitauzwa kwa kijana asiyejua. Ukiandikwa katika ramani na kulindwa kwa sheria ndogo, hata mgeni atauona. Na lile fungu la ardhi ya akiba hapo huonyesha thamani yake, kwani kijiji kilichotenga mahali palipo salama kina pa kuwahamishia watu wake bila kugombana na jirani.

6. Funzo kwa shehia za Unguja na Pemba

Sheria ya Ardhi ya Vijiji haitumiki Zanzibar, kwa kuwa ardhi si jambo la Muungano. Ardhi ya visiwani husimamiwa kwa Sheria ya Matumizi ya Ardhi Na. 12 ya mwaka 1992, na hapana Mkutano Mkuu wa Kijiji wenye madaraka kama ya Bara. Hata hivyo funzo la Mbulu na Hanang linahusu pande zote mbili. Sheria ya Misitu Na. 10 ya mwaka 1996 inaruhusu jamii kuingia mikataba ya kusimamia misitu yao, na vijiji vinavyozunguka Jozani vimekwisha kufanya hivyo. Aidha, Sheha anao washauri ambao kwao maoni ya wakaazi huweza kukusanywa na kuandikwa.

Watumishi wanakumbushwa mambo manne. Kwanza, wasiiite ardhi kuwa tupu kabla ya kuuliza inatumiwa na nani, lini na kwa kazi gani. Pili, mkutano uitishwe wakati ambao wahusika wote wapo, wakiwamo wavuvi, wafugaji na wanawake. Tatu, yaliyokubaliwa yaandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, na nakala ibaki kwa wakaazi. Nne, kila mpango utenge akiba ya kesho.

Wakaazi nao wanakumbushwa kuwa haki ya kupanga haina maana kwa asiyehudhuria. Mulbadaw ilikosa maandishi na hoja yake ikaanguka mbele ya Mahakama ya Rufani. Yaeda Chini ilikaa kikao, ikachora mipaka, ikakubaliana na majirani, na hati ikapatikana. Tofauti kati ya vijiji hivyo viwili haikuwa wingi wa watu wala utajiri. Ni kwamba wakati mmoja sheria haikumpa mwanakijiji nafasi ya kupanga, na wakati mwingine ilimpa naye akaitumia.