Mteja Akiugua, Usifiche Gunia

Juzi mmoja wenu aliniuliza: "Afisa, nikisikia mteja kaugua baada ya kula mahindi yangu, nikisema si ndio nimefilisika?" Nimjibu kwa kisa cha kwetu.

Mwaka 2016 watu wa Chemba, Kondoa na Kiteto waliugua: macho ya njano, tumbo kuvimba, kutapika. Mwanzoni ugonjwa haukujulikana. Waliougua walikuwa 68, wakafariki 20. Mahindi ya majumbani yalipopimwa, yakakutwa na sumukuvu nyingi. Mahindi yale ndiyo yaliyotoa jibu.

Kwa hiyo ukisikia dalili hizo:

1. Mgonjwa aende zahanati leo leo. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 ndiyo msingi wa kutoa taarifa za magonjwa ya mlipuko.
2. Mwambie mtendaji wa kijiji au afisa afya. Usalama wa chakula tangu 2019 unasimamiwa na TBS.
3. Simamisha mauzo ya mzigo huo. Usiuchanganye na mwingine, usiwape kuku. Kupika hakuondoi sumu hii, na kwa macho huwezi kuitambua.
4. Usiutupe kabla haujachukuliwa sampuli. Utenge, uandike alama.

Na daftari je? Andika shamba, tarehe ya kuvuna na mnunuzi wa kila mzigo. Bila daftari, ghala lako zima linatiliwa shaka. Ukiwa nalo, unaonyesha gunia zenyewe, na waliobaki nazo wanaambiwa wasile.

Kufilisika kunauma, ndugu yangu, lakini biashara hufufuka. Mteja hafufuki.