Rangi ya Mkeka na Rangi ya Biskuti

Katika nchi ya Rufiji, na Ruaruke ikiwamo, akina mama husuka mikeka kwa ukindu. Baadhi ya ukindu huchemshwa pamoja na rangi ya unga inayouzwa madukani. Rangi hiyo husifiwa kwa sifa moja kubwa: hushika. Je, rangi iyo hiyo yaweza kupambia biskuti za sikukuu? Jicho halioni tofauti, kwani nyekundu ni nyekundu. Sayansi, hata hivyo, yajibu kwamba haifai kabisa.

Utando wa sukari

Biskuti hupambwa kwanza kwa utando mweupe. Twanga sukari hadi iwe unga laini, uichekeche, kisha changanya vijiko vikubwa 8 na kijiko 1 cha maji ya ndimu. Pakaza juu ya biskuti iliyopoa. Maji yanapopungua, sukari hurudi kuwa fuwele ndogo sana na utando hukauka. Kwa kuwa sukari huvuta unyevu, katika hewa ya delta kazi hii huchukua muda mrefu zaidi, na biskuti zilizokauka hazina budi kutunzwa katika kopo lenye kifuniko.

Kiolezo

Chukua karatasi ngumu na safi, ukate tundu lenye umbo la jani au nyota. Kiweke kiolezo hicho juu ya utando uliokauka, kisha gusagusa tunduni kwa sponji safi yenye rangi kidogo sana. Rangi ikiwa majimaji, hupenya chini ya karatasi kwa nguvu ya kapilari, kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa. Aidha, maji huyeyusha sukari na ukingo wa picha huharibika. Ndiyo sababu rangi iliyo nzito huchora vizuri zaidi.

Rangi gani?

Chemsha maua makavu ya choya katika maji machache hadi yawe mazito: utapata nyekundu. Manjano iliyochekechwa vizuri na kuchanganywa na utando mzito hutoa rangi ya njano. Sasa tia magadi kidogo katika sehemu ndogo ya kila moja, kwa jaribio tu. Choya hugeuka kuelekea buluu au kijani. Manjano hugeuka kuwa nyekundu ya kahawia. Ukiongeza ndimu ya kutosha, manjano hurejea rangi yake. Rangi hizi, basi, hutambulisha asidi na besi.

Rangi nyingi za viwandani zina asili nyingine. Mwaka 1856 kijana Mwingereza William Perkin, mwenye umri wa miaka 18, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Badala yake alipata rangi ya zambarau. Tangu hapo rangi nyingi zimeundwa kwa ajili ya nguo na nyuzi. Rangi ya namna hiyo haikusafishwa ili iliwe, na yaweza kubeba mabaki ya kemikali zilizoiunda. Mwaka 2005 vyakula vingi viliondolewa madukani Uingereza baada ya Sudan I, rangi ya viwandani isiyoruhusiwa katika chakula, kuonekana katika pilipili ya unga.

Hata orodha ya rangi zinazoruhusiwa hupitiwa upya. Januari 2025 Marekani ilifuta kibali cha erithrosini katika vyakula, kwa kuwa ilisababisha saratani katika panya wa maabara. Nchini Tanzania, tangu 2019, usalama wa chakula husimamiwa na Shirika la Viwango (TBS).

Kwa hiyo rangi ya unga iliyofungwa katika kipande cha karatasi, bila jina wala maelezo, isitiwe katika chakula, hata muuzaji akisema ni salama. Kinachotofautisha rangi mbili zinazofanana ni lebo, si wekundu wake. Na chungu kilichochemshia ukindu kisipikiwe tena.

Maswali

1. Kwa nini biskuti iliyopambwa hulainika ikiachwa wazi usiku kucha?
2. Maji ya ndimu husaidiaje kutunza wekundu wa choya?
3. Eleza kwa nini sifa ya kushika, iliyo njema kwa mkeka, haithibitishi usalama wa rangi katika chakula.