BIOLOJIA: MULANGO WA SELULE NA DAWA YA KANSERE

Wengi wanauliza: kwa sababu gani dawa ya kansere inaangusha nywele na kuchafua tumbo? Jibu ni hili: dawa nyingi za zamani zinapiga kila selule yenye kujigawanya mbio. Haziulizi kama iko ya ugonjwa ao ya nywele. Basi leo tuangalie namna watu wa siansi walitafuta dawa yenye kuchagua.

1. Kipokezi ni nini?
Kila selule inazungukwa na utando mwembamba. Ndani ya utando huo kuna proteini zenye kupita toka inje mupaka ndani. Zile ndizo vipokezi. Upande wa inje unapokea habari, upande wa ndani unaipeleka: "Kua! Jigawanye!" Kimoja kinaitwa HER2. Ni munyororo wa asidi amino 1255, na karibu nusu yake iko inje. HER2 inafanya kazi kwa kushikana na vipokezi ndugu zake.

2. Fujo inatoka wapi?
Mwaka 1985 Axel Ullrich na wenzake wa kampuni Genentech, katika Marekani, walisoma jeni ya HER2. Mwaka 1987 munganga Dennis Slamon wa Los Angeles, pamoja na Ullrich na wengine, walipima uvimbe 189 wa kansere ya matiti. Karibu 30 kwa mia ulikuwa na jeni ile mara nyingi kupita kawaida, na kwa wagonjwa wale kansere ilirudi upesi. Siku hizi wanahesabu 15 mupaka 20 kwa mia. Selule moja ya namna hiyo inaweza kubeba HER2 karibu milioni mbili. Neno "jigawanye" halinyamazi tena.

3. Kutengeneza proteini
Kwa kuchunguza HER2 lazima kuwa nayo nyingi, tena safi. Mwili wa mutu hautoi ya kutosha. Kwa hiyo wanafanya hivi:
a) Wanachukua sehemu ya jeni yenye kuamuru nusu ya inje tu.
b) Wanaiunga ndani ya plasimidi, ni kusema kamba ya ADN ya muviringo. Kule kuunga upya ndiko kunaleta jina "proteini rekombinanti".
c) Wanaiingiza katika selule zenye kulelewa ndani ya chupa: CHO, zilizotoka kwa hamsta, munyama wa jamii ya panya, ao HEK 293, zilizotoka katika figo ya mutu. Sababu gani si bakteria? Bakteria zinatengeneza vizuri insulini ya mutu, iliyoruhusiwa mwaka 1982. Lakini HER2 ni kubwa, na inabeba sukari ambazo bakteria E. coli haziwezi kuiwekea ginsi selule zetu zinavyofanya.
d) Kwa kuwa sehemu ya kushika utando imekatwa, proteini inatoka katika maji ya chupa. Pale wanaichuja na kuisafisha.

4. Faida yake
Wanapaka proteini ile katika sahani ndogo ya plastiki, wanamimina kingamwili, kisha wanaosha. Zenye kushika HER2 zinabaki. Zingine zinakwenda na maji. Mwaka 2003 wachunguzi walitumia HER2 namna hii kuonyesha pahali kingamwili trastuzumab inashika: karibu kabisa na utando. Dawa hiyo ilianza kama kingamwili ya panya; mwaka 1992 walitangaza kama wameigeuza kufanana na ya mutu, na mwaka 1998 iliruhusiwa Marekani. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (OMS) liliiandika kati ya dawa za lazima.

5. Tusidanganyike
Kitu kinachoshika katika sahani hakijaponya mutu. Mulango uliongolewa katika ukuta unatufundisha habari za kufuli, lakini hautuonyeshi nyumba nzima. Tazameni: selule za moyo pia zinatumia HER2, na kwa wagonjwa wengine trastuzumab inalegeza moyo. Hakuna aliyeweza kuona vile katika sahani. Tena, mugonjwa asiye na HER2 nyingi hapati faida yake. Ndiyo maana lazima kupima kwanza kipande cha uvimbe, kisha kutoa dawa. Wagonjwa wawili wenye kansere ya matiti wanaweza kupewa dawa mbalimbali, na munganga hana upendeleo.

Kwa hiyo, mama ao dada akisikia uvimbe katika titi, asifiche kwa haya, asingoje mupaka uume. Aende kupimwa mapema.

Maswali:
1. Sababu gani wanakata sehemu yenye kushika utando?
2. Eleza kazi ya plasimidi.
3. Dawa yenye kuchagua inaweza kuumiza moyo namna gani?