Hadithi Fupi Inavyolipa: Mafunzo Niliyopata Mashindanoni

Naandika kwa ajili yako uliye na hadithi kwenye daftari au kwenye simu, na unataka zikuingizie fedha. Nia hiyo ni halali, tena ina historia. Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi wa hadithi la East African Literature Bureau la mwaka 1957–58. Mswada wake ukawa kitabu, *Mzimu wa Watu wa Kale*, mwaka 1960, na baada yake vikafuata vitabu vingine vya mpelelezi yule yule, Bwana Msa. Shindano moja lilimfungulia kazi ya miaka.

1. Soma masharti kabla hujaamua hadithi iende wapi

Hadithi niliyoipenda kuliko zote niliipeleka kwenye gazeti la Jumapili. Ilipotoka nilifurahi sana. Baadaye nikasoma masharti ya Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola: hadithi isiwe imechapishwa gazetini, jaridani wala kitabuni. Gazeti lilinilipa nauli ya wiki. Mshindi wa kanda wa tuzo ile hupata pauni 2,500, na mshindi wa jumla pauni 5,000.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba haitozi ada na inapokea hadithi za Kiswahili, bila mwandishi kulazimika kutafuta mfasiri. Inataka maneno kati ya 2,000 na 5,000. Kinachoangaliwa ni uraia: Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaruhusiwa, lakini wenzetu wengi wa Lubumbashi na Bujumbura hawaruhusiwi, kwa kuwa Kongo na Burundi si wanachama wa Jumuiya hiyo.

Tuzo ya Caine, iliyoanza kutolewa mwaka 2000, imejengwa kinyume chake. Yenyewe imekuwa ikitaka hadithi iliyokwisha kuchapishwa, iwe ya Kiingereza au iliyotafsiriwa kwa Kiingereza, na mchapishaji ndiye huiwasilisha. Kwa hiyo hadithi moja inaweza kubisha hodi kote, mradi ujue pa kuanzia: kwanza wanaotaka kazi mpya, kisha gazeti au jarida, kisha tafsiri.

2. Msomaji wa kwanza anasoma rundo zima

Niliwahi kuombwa kusaidia mchujo wa kwanza wa shindano moja. Nilidhani nitakutana na hadithi mbovu nyingi. Sivyo. Nyingi zilikuwa na kisa kizuri, lakini zilitoka mapema kwa sababu zilizidisha maneno, au mwandishi aliweka jina lake juu ya ukurasa ilhali masharti yalikataza. Iliniuma kuziweka kando, kwa sababu nyingine zilikuwa bora kuliko zilizobaki.

Zilizobaki nazo zilifanana mianzo. Jogoo aliwika, jua likachomoza, umande ukang'aa majanini, na hadi ukurasa wa pili hakuna mtu aliyetaka kitu chochote. Kisha nikafika kwenye moja iliyoanzia ndani ya daladala. Bibi amelishika bomba kwa mkono mmoja, kiganja cha mkono wa pili kiko wazi mbele ya konda, anadai mia mbili yake. Konda anajifanya anahesabu abiria. Kituo cha bibi kinapita, hashuki. Mistari sita tu, nami nikataka kujua kwa nini mia mbili ile ina uzito kiasi hicho. Chai yangu ilipoa.

Tangu siku ile, kila ninapomaliza hadithi naifuta aya ya kwanza nione kama kuna kilichopungua. Mara nyingi hakuna. Aya ya mwisho nayo naipima hivyo hivyo, kwa maana wengi wetu tulizoeshwa shuleni kumalizia kwa kumweleza msomaji alichojifunza. Majaji hawahitaji kuelezwa.

3. Jua unalipa nini na unatoa nini

Kijana mmoja alinijia jioni. "Shikamoo mwalimu. Nisaidie kuangalia hili." Kwenye simu yake kulikuwa na tangazo: ada elfu ishirini, zawadi laki tano. Tulisoma masharti pamoja hadi chini kabisa, palipoandikwa kwamba kazi zote zitakazopokelewa zitakuwa mali ya waandaaji. Zote, hata za walioshindwa.

"Mwanangu," nilimwambia, "hapa unalipa ili hadithi yako ichukuliwe."

Ada yenyewe si kosa. Yapo mashindano ya haki yanayotoza ili kuwalipa majaji. Lakini uliza jaji ni nani, washindi waliopita ni akina nani, na kazi zao zinasomwa wapi. Kuhusu haki, ruhusa ya kuchapisha hadithi yako mara moja inatosha. Umiliki ubaki kwako.

4. Fedha nyingine huja baada ya matokeo

Ushindi hufungua milango mingine. Mwandishi wa Kenya, Binyavanga Wainaina, alishinda Caine mwaka 2002. Mwaka uliofuata jarida la *Kwani?* lilianza Nairobi chini yake, na hadithi ya Yvonne Adhiambo Owuor iliyotoka humo ikashinda tuzo hiyo hiyo mwaka 2003.

Kwa waandishi wa Kiswahili, diwani ndiyo njia ninayoiamini zaidi. Nchini Kenya, diwani ya hadithi fupi hutahiniwa sekondari. *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine* iliwahi kuwa mojawapo. Mhariri mmoja alipochukua hadithi yangu iliyokuwa imekosa tuzo, aliniuliza kama nataka malipo ya mkupuo au mrabaha. Nilichagua mrabaha. Fedha si nyingi, lakini zinarudi kila kitabu kinapochapishwa upya, na sikutegemea hivyo kutoka kwa hadithi ambayo majaji waliikataa. Ukiwa na hadithi za kutosha kitabu, kuna tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Nayo hupokea mikusanyo ya hadithi fupi.

Ili kufuatilia yote hayo, nunua daftari la mistari, uligawe safu nne: jina la hadithi, ilikokwenda, tarehe ya majibu, na haki ulizobaki nazo. Mashindano mengine hayataki hadithi iliyoko kwingine wakati huo huo, na bila safu ya tatu utasahau ipi iko huru. Jibu likija la kukataliwa, ipitie jioni hiyo, kisha tafuta itakapokwenda wiki ijayo.