Mteja na Nguo Zake

Somo: Waraka wa Yakobo 2:1–9

Mteja aliyevaa kandambili na kanga iliyochujuka akiingia dukani, mara nyingi huulizwa "Unataka nini?" kabla ya kusalimiwa. Akigusa kitambaa, hutajiwa bei haraka ili aogope. Aliyekuja nyuma yake, amevaa suti, huhudumiwa kwanza.

Mwaka 2013 Oprah Winfrey, mtangazaji mweusi wa Marekani na tajiri mkubwa, alieleza kwamba mhudumu wa duka moja mjini Zürich, Uswisi, alikataa kumwonyesha mkoba, akimwambia ni wa bei kubwa mno kwake. Mhudumu alikanusha, lakini habari ilienea duniani. Kila hadithi kama hiyo inaposimuliwa, watu husema: "Kumbe alikuwa tajiri!"

Hapo ndipo tunapokosea. Tukisema hivyo, tunafundisha kwamba kosa ni kutomtambua tajiri. Je, kama mteja hana fedha kweli, ni halali kumdharau? Wahenga walisema, usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima. Methali hiyo ni nzuri, lakini Yakobo anakwenda mbele zaidi.

Katika waraka wake, watu wawili wanaingia katika kusanyiko. Mmoja ana pete ya dhahabu na mavazi mazuri. Mwingine ni maskini mwenye nguo chafu. Wa kwanza anapewa mahali pazuri. Wa pili anaambiwa asimame, au aketi chini. Angalieni: Yakobo hatuambii kwamba maskini yule alikuwa tajiri aliyejificha. Ni maskini tangu mwanzo hadi mwisho, na bado kumbagua ni dhambi.

Ninyi mnaouza madukani, mna haki ya kulinda mali. Basi waangalieni wateja wote kwa jicho moja. Msalimieni kila anayeingia. Fuateni zamu. Anayetaka kitufe kimoja auziwe kwa heshima ile ile ya anayenunua jora zima.

Nasi wengine tusiwanyoshee vidole wauza duka. Yakobo hakuandika juu ya duka. Aliandika juu ya kusanyiko la waumini.

Maswali ya kujadili:

1. Dukani, ni dalili zipi humwonyesha mteja kwamba amedharauliwa, hata kama hakutukanwa?

2. Mwenye duka anawezaje kujilinda na wezi bila kuwashuku maskini peke yao?

3. Jumapili iliyopita, nani alipishwa kiti kanisani kwetu, na kwa sababu gani?