SOMO: KUTAMKA KIINGEREZA KWA WANAOANZA



Katika Waamuzi 12 tunasoma habari za Waefraimu 42,000 walioanguka wakati wa Yeftha. Kwenye vivuko vya Yordani, Wagileadi waliwaamuru waliokimbia waseme "Shibolethi", nao wakasema "Sibolethi". Sauti moja tu iliwashinda. Hapa kambini hakuna anayeuawa kwa ajili ya matamshi, Mungu ashukuriwe, lakini karatasi huandikwa vibaya.

Hayo yalitupata sisi wenyewe. Tulimsindikiza mama mmoja ofisini tumfasirie. Karani akauliza anakaa wapi. Tulitaka kusema anaishi hapa, yaani "live". Tukaivuta "i" kama ya kwetu, ikatoka "leave", kuondoka. Karani akaanza kuandika kwamba familia inahama. Ilituchukua muda kumwelewesha, na mama alikuwa anatetemeka kwa kuogopa kupoteza kadi yake ya chakula.

Basi tuanze hapo. Kiswahili kina irabu tano, nazo hazibadiliki. Kiingereza kina "i" mbili. Ile ya "leave" ni ndefu na inakaribia ya kwetu, midomo ikitanuka kama ya mtu anayetabasamu. Ile ya "live" imekaa kati ya "i" na "e". Msiifupishe tu, legezeni na midomo.

Sisi tuliosoma Kifaransa shuleni tuna mzigo mwingine. Kifaransa hakitamki "h", nasi tunaiangusha hata katika Kiingereza. Mwenye njaa anataka kusema "hungry", inatoka "angry", amekasirika. Kwenye mstari wa chakula hilo si jambo dogo! Lakini "h" tunayo. Weka kiganja mbele ya mdomo, sema "haleluya" (si "aleluya" ya Kifaransa), utasikia pumzi.

"Th" nayo inawatisha wengi, kumbe imo katika Biblia yetu. "Thamani" ina sauti ya "think", na "dhambi" ina sauti ya "this". Taabu ni kwamba wengi wetu kutoka Kongo tumezoea "samani" na "zambi", hata tukiwa mimbarani. Weka ncha ya ulimi kati ya meno, kisha pumua. Mzee mmoja alisema ni aibu kutoa ulimi mbele ya watu. Tulimjibu kwamba Waingereza wanautoa kila siku, na hakuna anayewacheka.

Tena tusiongeze irabu mwishoni mwa neno: "book" inaishia kwenye "k", si "buku".

Jumatano baada ya maombi tutafanya mazoezi kanisani. Njoo na Biblia ya Kiswahili na kioo, hata kama ni kipande, ili uone ulimi wako mwenyewe. Tutaanza kwa kusoma Zaburi 51 kwa sauti, maana ina "dhambi" na "dhabihu" za kututosha.