Jumatano: Baada ya Kusema Pole

Soma Yakobo 2:14-17. Mtu wa fungu la 16 anatamka maneno mazuri. Kosa lake ni nini?

Yakobo hazungumzi juu ya mtu mkatili. Anamzungumzia mshiriki anayemwona ndugu hana nguo wala riziki ya siku, akamtakia heri, kisha akaenda zake. Huku kwetu angesema "pole sana", na pengine angeongeza "tutakuombea". Kusema pole ni utu, na kuombeana ni agizo la Mungu. Hatari huanza pale ombi linaposhika nafasi ya unga na blanketi ambavyo mwombaji anavyo nyumbani kwake.

Wakazi wa Dar es Salaam wanalikumbuka jaribu la namna hii. Jumanne, 20 Desemba 2011, mvua kubwa ilinyesha na bonde la Mto Msimbazi likafurika. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha jijini. Familia nyingi za mabondeni zilihifadhiwa katika majengo ya shule. Baadaye wengi walihamishiwa Mabwepande, Kinondoni, wakaanza maisha katika mahema kwenye viwanja walivyogawiwa na serikali.

Sabato ya kwanza baada ya mafuriko ilikuwa 24 Desemba. Lifikirie darasa la Shule ya Sabato asubuhi hiyo: somo limefunguliwa, na mtaa wa pili kuna mama aliyelala sakafuni na watoto wake.

Soma Mathayo 12:9-13. Jibu la Yesu lingeliongozaje darasa hilo?

Yesu hakuivunja Sabato alipoponya. Alionyesha kwamba kutenda mema ni sehemu ya kuitunza. Kondoo aliyetumbukia shimoni hangojeshwi hadi jua lizame. Chakula kilichoandaliwa Siku ya Maandalio kikapelekwa kwa wenye njaa, na saa ya mchana ikatumika kukaa na wafiwa, ni ibada pia.

Hata hivyo, siku za kwanza za msiba si ngumu kwa watoaji, maana shida iko machoni pa wote. Ugumu huja baadaye. Mtu wa Jangwani aliyezoea kwenda kibaruani Kariakoo kwa miguu, akihamia Mabwepande anahitaji nauli ya kwenda na kurudi kila siku. Shida kama hiyo haionekani kwa anayeleta mfuko wa nguo mara moja na kuondoka. Huijua yule anayerudi na kuuliza.

Soma Matendo 9:36-41. Wajane walimwonyesha Petro nini?

Walimwonyesha nguo ambazo Dorkasi aliwashonea alipokuwa pamoja nao. Mshonaji hawezi kushona bila kuchukua kipimo, wala hapati kipimo bila kumkaribia mtu. Makanisa mengi yana huduma yenye jina la mama huyu. Jina hilo linadai zaidi ya kukusanya nguo kuukuu mara moja kwa robo. Linadai kuwajua wajane wenyewe.

Je, matendo haya yanaokoa? Waefeso 2:8-10 inajibu yote mawili kwa pamoja: wokovu ni kipawa, tena aliyekipokea ameumbwa upya ili atende mema ambayo Mungu ameyaandaa. Dorkasi hakushona ili akubaliwe. Alikuwa mwanafunzi wa Yesu kwanza, na sindano yake ikafuata imani yake.

Jadilini: Katika mtaa wa kanisa lenu, ni nani aliyepewa pole miezi michache iliyopita na tangu hapo hajatembelewa? Kabla darasa halijafungwa kwa ombi, kubalianeni nani atakwenda, siku gani, na atabeba nini. Sabato ijayo, anzeni kwa kusikia amemkutaje.